Majibu ya mbegu "yako sawa" lakini mimba haiingii: tuzungumzie epijenetiki ya mbegu za kiume

Mzee wa Darubini (mleta mada)

Wakuu,

Humu jukwaani uzi huu hauishi kuanzishwa: "Nimepima, nimeambiwa mbegu ziko sawa, mke naye yuko sawa, mbona hashiki ujauzito?" Nusu ya wachangiaji wanamwambia asali, nusu nyingine wanamuuzia dawa. Mimi maabara ya uzazi ndiyo kazi yangu, na kuna sehemu ya somo hili ambayo naona haiguswi kabisa. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kipimo cha shahawa kinaangalia mambo machache: ujazo, idadi ya mbegu, zinavyoogelea na maumbo yake. Shirika la Afya Duniani (WHO), kwenye mwongozo wake wa maabara toleo la sita la mwaka 2021, linatoa viwango vya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, asilimia 42 ziwe zinatembea, asilimia 30 ziwe zinakwenda mbele, na asilimia 4 ziwe na umbo zuri. Ndiyo, nne tu, wala sijakosea kuandika. Viwango hivyo vilipatikanaje? Walichukuliwa wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya miezi 12, wakapangwa kutoka wa chini hadi wa juu, mstari ukachorwa pale asilimia 5 ya chini inapoishia. Kwa hiyo wapo akina baba kabisa walio chini ya mstari, na wapo wanaume walio juu yake ambao hawajawahi kutungisha mimba. Kipimo kinahesabu mbegu. Hakifungui hata moja kuona ndani imebeba nini.

Ndani imebeba DNA, nusu ya maelekezo ya kumjenga mtoto. Ila juu ya DNA hiyo kuna alama za kikemikali zinazoamua jeni ipi isomwe, ipi inyamaze, na lini. Alama hizo ndizo epijenetiki. Chukua hati ya Kiarabu: herufi ni zilezile, lakini irabu unazoweka juu na chini ndizo zinazokuambia neno lisomwe vipi. Mbegu mbili zinaweza kuwa na herufi zinazofanana na zikatofautiana irabu.

Alama iliyochunguzwa zaidi ni methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu zinazobandikwa kwenye herufi C ya DNA. Mara nyingi methili zikijaa mwanzoni mwa jeni, jeni hunyamaza. Sasa kuna jeni kama mia moja hivi kwa binadamu ambazo mwili unazisoma kutoka kwa mzazi mmoja tu: nyingine za baba peke yake, nyingine za mama peke yake. Hili lilidhihirika kwa panya mwaka 1984, pale kikundi cha Azim Surani kule Cambridge na kile cha Davor Solter kule Philadelphia, kila kimoja kivyake, vilipotengeneza viinitete (mimba changa kabisa) vyenye seti mbili za kromosomu za mama bila ya baba, au mbili za baba bila ya mama. Kromosomu zilikuwa kamili kwa idadi. Viinitete vikafa.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa jeni mbili zinazopakana, H19 na IGF2. IGF2 inahimiza ukuaji wa kiinitete na kondo la nyuma, na inasomwa kutoka kwa baba. Ili isomwe, eneo la udhibiti lililo kati yake na H19 lazima liwe limejaa methili ndani ya mbegu. Mwaka 2004 watafiti wa Ureno walichapisha kwenye jarida la Lancet kwamba baadhi ya wanaume wenye mbegu chache wana upungufu wa methili hapo, na wale ambao mbegu zao ni chache zaidi ndio wenye kasoro hiyo kwa wingi zaidi. Maabara nyingine zimeyaona matokeo ya namna hiyo mara nyingi tangu wakati huo. Hii ndiyo sehemu ya somo hili ambayo ningeitetea mbele ya mtu yeyote.

Kisha kuna ufungaji wa DNA. Kwenye seli za kawaida DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Mbegu ikikaribia kukomaa, histoni nyingi hung'olewa na nafasi yake huchukuliwa na protamini, protini ndogo ambayo Friedrich Miescher aliitoa kwenye mbegu za samaki aina ya salmoni kule Basel mwaka 1874. Protamini huibana DNA hadi kichwa cha mbegu kikawa kidogo, na DNA ikakingwa safarini. Binadamu ana protamini mbili, P1 na P2, na kwa wanaume wenye uwezo wa kuzaa huwa zinakaribiana kwa kiasi, yaani P1 moja kwa P2 moja. Uwiano ukivurugika, mara nyingi utakuta pia mbegu chache, mwendo hafifu na DNA iliyokatikakatika. Jambo lililowashtua watu ni kwamba histoni kama asilimia 5 hadi 15 hubaki. Mwaka 2009 kikundi cha Utah, Marekani, kilionyesha kwamba hazibaki ovyo: zimekaa kwenye jeni za kupanga mwili wa kiinitete. Wengine wakabisha, wakasema nyingi ziko maeneo matupu yasiyo na jeni. Ubishi huo bado upo.

Mwisho ni RNA ndogondogo, RNA ikiwa ni molekuli ndugu ya DNA. Mbegu ikitoka kwenye korodani hupita kwenye epididimisi, mrija uliojisokota ambao ukinyooshwa unafika kama mita 6. Humo hupokea vifurushi vyenye vipande vya RNA, yaani inaongezewa vitu njiani, siku chache tu kabla ya kutoka nje. Nitarudi hapa, najua wabishi watakuja.

Haya yanahusianaje na kuzaa? Kwa wanaume wenye shida ya mbegu, karibu theluthi moja au zaidi hawapati sababu yoyote hata wakipimwa homoni, kromosomu na kila kitu. Ukilinganisha kundi la wanaume hao na kundi la akina baba, unakuta alama zao zinatofautiana kwa wastani. Inaeleweka: mbegu ikishaingia ndani ya yai, jeni zake zinapaswa kuwashwa kwa mpangilio, na mpangilio huo unategemea alama hizi pamoja na kazi kubwa inayofanywa na yai lenyewe.

Lakini hapo kwenye "kwa wastani" ndipo napenda mtulie. Tunachokijua ni habari za makundi. Nikikupa majibu ya methili ya mtu mmoja, siwezi kukuambia kwa uhakika kama atapata mtoto. Makundi yanaingiliana sana. Anayekuahidi kusoma epijenetiki ya mbegu yako na kukutabiria anauza kitu ambacho sayansi haijakifikia.

Jambo moja la kutia moyo: kutengeneza mbegu huchukua takriban siku 74 kuanzia seli mama, ukiongeza siku kadhaa hadi wiki mbili za kupita kwenye epididimisi. Kwa hesabu ya haraka, mbegu za leo zinabeba habari za miezi mitatu iliyopita. Sehemu ya alama inaandikwa upya kila mzunguko. Sehemu nyingine sivyo, maana alama za baba kwenye zile jeni za mzazi mmoja huanza kuwekwa mvulana akiwa bado tumboni mwa mama yake.

Karibuni kwa maswali. Matusi peleka kwingine.

---

Kipepeo Mweusi

Naweka kambi hapa. Nilidhani shule niliimaliza 😂

---

Bint Saumu

Shukrani mleta mada. Mimi nauliza kama mwanamke. Nimeharibikiwa mimba zaidi ya mara moja, nimepimwa mimi kila kitu hadi damu inaganda vipi. Mume wangu hajaguswa, aliambiwa "kama unashika mimba basi yeye hana tatizo." Hiyo kauli ina ukweli?

---

Mzee wa Darubini

Bint Saumu, pole sana dada yangu.

Kauli hiyo ni nusu ukweli. Kushika mimba kunathibitisha kwamba mbegu ilifika na kuingia kwenye yai. Hakuthibitishi kwamba ilichobeba kilikuwa salama. Kiinitete kwa siku mbili tatu za mwanzo kinaendeshwa zaidi na akiba iliyomo ndani ya yai. Jeni zake chenyewe, zikiwemo za baba, kwa binadamu huwaka kwa nguvu kinapofikia seli nne hadi nane. Kwa hiyo kasoro ya upande wa baba inaweza isionekane mwanzoni ikajitokeza baadaye. Na kumbuka nilivyosema kuhusu IGF2 na kondo la nyuma.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwa wenzi wanaoharibikiwa mimba mara kwa mara ni ule wa DNA ya mbegu iliyokatikakatika. Hicho si kitu kimoja na epijenetiki, ingawa vinakutana kwenye protamini: ufungaji ukiwa mbovu, DNA inakatika kirahisi. Chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani (AUA) na kile cha tiba ya uzazi (ASRM) wanasema kipimo hicho kisiwe cha mwanzo kwa kila mwanaume, lakini kwa wenzi waliopoteza mimba mara kwa mara mwanaume naye achunguzwe kromosomu na DNA ya mbegu. Vipimo vya methili havimo kabisa kwenye orodha yao.

Kwa hiyo mume wako akapimwe. Kipimo cha kawaida kwanza, historia yake, mikono ya daktari ikague korodani. Hapo hata hatujafika kwenye epijenetiki.

---

Mpinga Hoja

Mkuu unaandika vizuri lakini nina shida mbili.

Kwanza, mbegu ikishaingia kwenye yai, methili za baba zinafutwa. Tulifundishwa hivyo. Sasa alama inayofutwa inaathirije chochote?

Pili, hizi habari za "ulichokula unamrithisha mjukuu" zimejaa mitandaoni kama uyoga baada ya mvua. Panya wa maabara wanafanana jeni zote, wanakula chakula kimoja, wanaishi kwenye boksi. Binadamu hana hata kimoja kati ya hivyo.

---

Mzee wa Darubini

Nilikusubiri wewe 😂

La kwanza. Uko sahihi kwamba kuna kufutwa, na kwa upande wa baba kunakwenda kasi: ndani ya saa chache baada ya kurutubishwa, enzaimu iitwayo TET3 iliyomo ndani ya yai huanza kuziondoa methili za DNA ya baba, hata kabla seli haijagawanyika. Lakini haifuti vyote. Zile jeni za mzazi mmoja zina walinzi wake, mojawapo ni protini ZFP57, inayohakikisha alama inabaki. Ndiyo maana nimeikazania H19. Ufutaji wa pili, unaofagia hata hizo, hutokea baadaye ndani ya seli zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za huyo mtoto. Kwa hiyo kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kuna kizuizi kimoja chenye matundu. Kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu kuna viwili, na hapo mimi mwenyewe napunguza sauti.

Kuhusu RNA, hazihusiani na ufutaji huo. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha kazi mbili kwa pamoja. Moja, ya kikundi cha Oliver Rando, ilionyesha vipande vya RNA vikiingia kwenye mbegu za panya kupitia epididimisi, na chakula chenye protini kidogo kikibadilisha vipande hivyo. Nyingine ilichukua vipande vya RNA kutoka kwenye mbegu za panya waliolishwa mafuta mengi, ikavichoma kwenye mayai ya kawaida yaliyorutubishwa, na panya waliozaliwa wakawa na matatizo ya kudhibiti sukari. Hawakupewa DNA ya baba mnene, walipewa RNA tu. Jaribio la namna hiyo huwezi kulipuuza.

La pili naliafiki kwa sehemu kubwa. Mfano maarufu kwa binadamu ni Överkalix, kaskazini mwa Sweden, ambako kumbukumbu za mavuno za enzi za mababu zililinganishwa na vifo vya wajukuu wao, watu waliozaliwa 1890, 1905 na 1920. Babu wa upande wa baba aliyekula kwa wingi kabla ya kubalehe, wajukuu wake walionekana kufa mapema zaidi. Inavutia, ila watu ni wachache na hakuna aliyepima mbegu ya babu yeyote. Edith Heard na Robert Martienssen waliandika uchambuzi mkali mwaka 2014 wakionya kwamba kwa mamalia ushahidi wa kurithisha alama vizazi hadi vizazi ni mwembamba sana. Nawaunga mkono.

Ila mada yangu hapa ni uwezo wa kuzaa, yaani kizazi kimoja. Mjukuu tumwache kwanza.

---

Slaidi na Wino

Niongeze la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Shahawa haina mbegu peke yake. Kuna chembe nyeupe za damu na seli nyingine za mwili, na methili zake ni tofauti kabisa na za mbegu. Mtu mwenye mbegu chache, sampuli yake ina uwiano mkubwa wa hizo seli nyingine. Ukipima bila kuzisafisha utasema "H19 imepungukiwa methili" kumbe umepima chembe za damu, kwa sababu kwenye seli za kawaida H19 ina methili kwa nusu tu: nakala ya baba inayo, ya mama haina.

Tafiti nzuri huziosha kwanza au huweka kipimo cha kuhakikisha seli za mwili hazimo. Nyingine za zamani hazikufanya hivyo. Kwa hiyo mkisoma utafiti angalieni sehemu ya mbinu kabla ya hitimisho.

---

Mzee wa Darubini

Slaidi na Wino, mtu wa fani kabisa. Hoja hiyo peke yake imeangusha makala kadhaa. Hata hivyo tafiti zilizosafisha vizuri, au zilizosoma DNA kipande kimoja kimoja na kuona kila kipande kina methili au hakina, bado zinaiona tofauti ya H19. Imepungua ukubwa, haijatoweka.

---

Tabibu Wa Mizizi

Wakuu msihangaike. Kuna mchanganyiko wa asili unasafisha epijenetiki yote ndani ya mwezi mmoja, mbegu zinakuwa nzito na zenye nguvu. Mwenye uhitaji aje inboksi.

---

Mpinga Hoja

Nilijua tu. Leo epijenetiki, jana ilikuwa "sumu mwilini".

---

Mzee wa Darubini

Mkuu Tabibu, "kusafisha epijenetiki" maana yake nini? Ukiziondoa alama zote kwenye mbegu utakuwa umeharibu kila kitu. Kiinitete kinazihitaji.

Na hili si la mitishamba tu. Tuzungumzie vidonge vya dukani vyenye foliki (aina ya vitamini B) na zinki, vinavyouzwa kwa hoja kwamba foliki ndiyo chanzo cha methili. Kwenye karatasi hoja hiyo inapendeza: mzunguko wa foliki ndio unaotoa methili zinazobandikwa kwenye DNA, na panya madume walionyimwa foliki kwenye maabara ya Sarah Kimmins kule Kanada walizaa watoto wenye kasoro nyingi zaidi (2013). Basi watu wakafikiri, kama upungufu unadhuru, nyongeza itasaidia.

Marekani wakafanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2020. Wanaume 2,370 ambao wao na wenzi wao walikuwa wanatafuta matibabu ya uzazi. Nusu walipewa foliki miligramu 5 na zinki miligramu 30 kila siku kwa miezi sita, nusu wakapewa kidonge kitupu. Waliopata watoto: asilimia 34 kwa waliomeza dawa, asilimia 35 kwa waliomeza kitupu. Ubora wa mbegu haukupanda. DNA iliyokatika iliongezeka kidogo kwa waliomeza dawa, na wakalalamikia matumbo zaidi.

Kuna lingine la 2015, la kundi dogo: wanaume waliotumia foliki hiyohiyo ya miligramu 5 kwa miezi sita, methili kwenye mbegu zao zilipungua sehemu mbalimbali, hasa wale wenye aina fulani ya MTHFR, jeni inayohusika na mwili kutumia foliki. Walitarajia ziongezeke. Mwili hauongezwi alama kwa kumwagiwa malighafi.

Mwenye upungufu uliopimwa atibiwe upungufu wake. Asiye nao anameza kitu ambacho kwenye jaribio hilo hakikumfaa mtu.

---

Moderata

Tangazo la Tabibu Wa Mizizi limebaki kwa sababu limeshajibiwa. La pili litafutwa pamoja na akaunti.

---

Chuma Ulete

Mimi napiga vyuma, na kuna jamaa walinianzisha sindano za testosteroni. Mwili umejaa, nguvu za kiume ziko juu. Sasa nasoma hapa naogopa. Hizo sindano zinaharibu epijenetiki?

---

Mzee wa Darubini

Chuma Ulete, kabla ya kufika kwenye epijenetiki kuna jambo kubwa zaidi: zinazima kiwanda chenyewe. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu unaacha kutuma LH na FSH, homoni zinazoamuru korodani zifanye kazi. Testosteroni ndani ya korodani inashuka hata kama ya kwenye damu iko juu, na mbegu zinapungua hadi zinaweza kuisha kabisa. WHO walishawahi kuzifanyia majaribio sindano hizi kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na kwa wengi zilifanya kazi vizuri tu.

Kwa wanaume wenye afya waliokuwa kwenye majaribio ya namna hiyo, wengi mbegu zao zilirudi ndani ya mwaka mmoja, wachache wakahitaji hadi miwili. Wanaojichoma wenyewe vipimo vikubwa, mchanganyiko juu ya mchanganyiko, wanaweza kuchelewa zaidi. Kama unataka mtoto karibuni muone daktari wa homoni au wa uzazi wa wanaume akusaidie kuacha kwa utaratibu. Usiache na kuanza vidonge vingine kwa ushauri wa jamaa walewale.

---

Mwana wa Kwanza

Umri je? Tunaambiwa mwanaume hazeeki.

---

Mzee wa Darubini

Anazeeka, ila taratibu. Kila mwaka unaoongezeka kwa baba, mtoto hurithi wastani wa mabadiliko mapya ya DNA kama moja hadi mawili zaidi. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ndio uliolitangaza sana hili. Hiyo ni herufi, si irabu. Irabu nazo hubadilika: methili kwenye maeneo fulani ya mbegu hupungua kwa mpangilio unaotabirika kiasi kwamba watafiti wanaweza kukisia umri wa mtu kwa kusoma mbegu zake. Kama hilo lenyewe ndilo linalopunguza uwezo wa kuzaa, au ni kumbukumbu tu ya miaka, hapo ushahidi ni wa uhusiano, chanzo hakijashikwa.

---

Nesi Rehema

Naomba niwakumbushe ya msingi maana naona tumepaa sana. Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu zinahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Na kuna mishipa ya vena inayovimba juu ya korodani, varikosili, ipo kwa wanaume kama 15 katika 100, lakini ukienda kwa wale wanaotafuta mtoto wa kwanza bila mafanikio inafika 35 hadi 40. Inakaguliwa kwa mkono, mgonjwa akiwa amesimama. Nimeona watu wamezunguka miaka na makaratasi ya vipimo vya gharama, hakuna aliyewahi kuwaambia wavue nguo wakaguliwe.

---

Mzee wa Darubini

Nesi Rehema, asante. Hili lingekuwa la kwanza kwenye uzi wangu kama ningekuwa daktari. Varikosili hupandisha joto na msongo wa oksijeni (kemikali kali za oksijeni zinazochakaza seli), na kuna tafiti zinazoonyesha protamini na methili kuvurugika kwa wenye nayo. Ila hulazimiki kupima methili ili uitibu.

---

Bahari Tulivu

Sisi tumeshauriwa kupandikiza, na kwa kuwa mbegu za mume wangu ni chache sana watachagua moja na kuichoma ndani ya yai kwa sindano. Baada ya kusoma uzi huu nina hofu. Kama mbegu zenye shida zina alama mbovu, si tunampa mtoto tatizo kwa kulazimisha?

---

Mzee wa Darubini

Bahari Tulivu, hofu yako ina msingi, na watafiti wanaojua kazi yao wamekuwa wakiuliza swali hilohilo tangu njia hiyo ya sindano ilipotangazwa Brussels mwaka 1992.

Yapo magonjwa machache adimu yanayotokana na alama za jeni za mzazi mmoja kuvurugika. Linalotajwa zaidi ni Beckwith-Wiedemann, ambapo mtoto hukua kupita kiasi na baadhi ya viungo huwa vikubwa. Kwa watoto wote ni kama mmoja katika 10,000 na kitu. Kwa waliotungwa maabara linaonekana mara kadhaa zaidi. Mara kadhaa ya kitu adimu bado ni kitu adimu. Mtoto mmoja mmoja ana nafasi kubwa mno ya kutokuwa nalo. Na kwa ugonjwa huo kasoro iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto hao iko kwenye nakala ya mama, kwa hiyo huwezi kuibebesha mbegu ya mumeo moja kwa moja. Huenda ni dawa za kukuza mayai, huenda ni maji ya kulelea viinitete, huenda ni ile sababu iliyowafanya wazazi wasizae kirahisi. Vyote vinachunguzwa.

Tangu 1978 watoto zaidi ya milioni 10 wamezaliwa kwa njia za maabara, na walio wengi mno ni wazima. Muulize daktari wako swali hili kama ulivyoliandika hapa, na uulize pia kama mumeo amepimwa kromosomu na upungufu kwenye kromosomu Y. Kwa mtu mwenye mbegu chache sana hivyo viwili ni vya muhimu kabla ya sindano, maana upungufu wa Y mtoto wa kiume ataurithi kweli, bila ubishi wa panya wala Sweden.

---

Moshi Mweupe

Navuta sigara na bangi kidogo. Mke wangu anasema niache ndipo tupime tena. Je, kuna faida, au madhara yameshaandikwa?

---

Mzee wa Darubini

Kuna faida. Watafiti wa chuo cha Duke, Marekani, waliona mwaka 2018 kwamba methili kwenye mbegu za wavuta bangi zinatofautiana na za wasiovuta. Baadaye wakawafuatilia wavutaji walioacha kwa siku 77, yaani mzunguko mmoja wa kutengeneza mbegu, na nyingi ya tofauti zile zikawa zimefifia. Kundi lilikuwa dogo, lakini linakubaliana na biolojia. Unene nao ni hivyohivyo: kule Copenhagen mwaka 2016 walilinganisha wanaume 13 wembamba na 10 wanene wakakuta alama za mbegu tofauti, kisha wakafuatilia wanaume sita waliopasuliwa tumbo ili wapungue uzito, alama zao zikabadilika ndani ya mwaka. Sita tu, usijenge nyumba juu yake.

Sigara acha hata kama epijenetiki isingekuwepo, inakata DNA ya mbegu.

Ukiacha leo, usikimbilie kupima wiki ijayo, utakuwa unapima mbegu za kipindi ulichokuwa unavuta. Subiri miezi mitatu. Rudi maabara ileile, usitoe shahawa kwa siku zilezile kama mara ya kwanza (WHO wanasema 2 hadi 7), na kama ulikuwa na homa kali katikati waambie, maana homa moja inaweza kushusha majibu kwa wiki kadhaa. Mkeo naye asiwekwe pembeni wakati huo wote. Umri wake ukiwa 35 au zaidi, vipimo vyake viendelee sambamba na vyako.

---

Moshi Mweupe

Nimeelewa mkuu. Pakiti iliyobaki nampa nani? 😂

---

Kipepeo Mweusi

Usimpe mtu mwenye mpango wa kuzaa.